Riakta iliyosukwa Ngamiani: miezi 14 na dayodi hazijaungua tena

Nauza barafu. Kiwanda changu ni kidogo, kiko Tanga mjini, si mbali na soko la samaki la Deep Sea, na wateja wangu ni wavuvi wa dagaa pamoja na kina mama wanaopeleka samaki Muheza, Korogwe na kupanda nao Lushoto. Mwaka jana nilinunua riakta, yaani koili ya waya inayozuia mkondo wa umeme usiruke ghafla, kwenye karakana ya kusuka mota iliyoko Ngamiani, katika zile barabara za namba. Tangu hapo wenzangu wenye mashine za kusaga, za kukamua nazi na za kupasua mbao wamekuwa wakiniuliza ni kitu gani kimeituliza mashine yangu. Nimeona niandike mara moja, nieleze kifaa, karakana, bei, na yale ambayo hayakunipendeza.

Kompresa yangu inaendeshwa na mota ya kilowati 22. Zamani iliwashwa kwa sta-delta, yaani swichi inayoanzisha mota kwa volti pungufu kisha kuihamishia volti kamili, na kila ilipowaka taa za majirani zilififia. Mota ya namna hii ukiiwasha moja kwa moja huvuta mara sita mpaka saba ya mkondo wake wa kawaida. Sta-delta huupunguza mkondo huo mpaka theluthi, ila na nguvu ya kuzungusha nayo hubaki theluthi, na kompresa iliyobakiwa na presha ndani haikubali kuzungushwa na theluthi. Inasuasua, swichi inahamia delta mota ikiwa bado nzito, na hapo mtaa mzima unajua kwamba nimewasha. Kwa hiyo nikanunua draivu, ile inayopandisha mwendo wa mota polepole. Majirani wakapumua, nami nikapumua, kwa miezi mitano.

Mwezi Mei dayodi za kwenye mlango wa umeme wa draivu, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zikapasuka. Duka lililoniuzia likaleta fundi, akabadilisha mbili kwa shilingi 145,000 kila moja, akasema ni bahati mbaya. Agosti zikapasuka tena, na safari hii zilikwenda na bodi.

Ilikuwa siku za giza. Kwa msomaji asiye mtu wa pwani, dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, kwa hiyo giza ndiyo siku za barafu. Mbalamwezi ikitoka boti nyingi zinapumzika na mimi nafanya usafi wa tangi. Kuharibikiwa katikati ya giza ni kama mwenye duka la madaftari kufunga mwezi wa Januari. Tangini kulikuwa na mabonge 160 ya kilo 25, mengi hayajashika moyo, yaani nje yameganda na katikati bado maji. Niliyagonga kwa kucha moja baada ya jingine, nikasikia yale ya mlio wa debe tupu, nikajua hayafai kuuzwa. Vijana wa boti mbili wakanunua kwingine alfajiri ile. Mmoja wao hajarudi mpaka leo.

Duka likaniambia umeme wa mtaa wetu ni mchafu, dawa ni stebilaiza kubwa ya fezi tatu, shilingi 4,800,000. Nilishaanza kuuliza mkopo kwenye kikoba chetu. Ndipo mama mmoja mwenye mashine ya kusaga kule Makorora akaniambia, "Dada, kabla hujatoa hela yote hiyo, nenda kamwone yule Mzee wa Ngamiani. Akikwambia nunua, nunua."

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mota iliyofunguliwa iko mapajani kama mtu anayechambua mboga. Ana zaidi ya miaka 70. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge, kwenye korona, zile mashine zinazochuna majani ya mkonge kutoa nyuzi, na huko ndiko alikojifunza kusuka. Nikamwamkia, nikaeleza. Nilitarajia aniulize draivu ni ya kampuni gani. Hakuuliza.

"Transfoma iko hatua ngapi kutoka kwenye paneli yako?"

"Kama 40, Mzee."

"Imeandikwa ngapi?"

Sikujua. Akanituma nikaangalie. Nilirudi na jibu siku ya pili: kVA 315.

"Na jirani yako ana mashine gani? Zinazimwa na kuwashwa saa ngapi?"

Hapo nilinyamaza kidogo, maana jibu lilinijia kabla sijafungua mdomo. Nyuma yangu kuna watu wa mbao. Wana kabati la kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme kwa kitambo, zile za kurekebisha pawafakta ili mashine zisivute mkondo wa bure, na huwasha kila kitu saa mbili asubuhi. Draivu yangu iliungua Mei saa mbili na kitu asubuhi, na Agosti saa mbili na kitu asubuhi. Duka lilitengeneza mara mbili bila kuniuliza swali hilo.

Nieleze kama alivyonieleza, kwa sababu ukielewa hapa hutauziwa usichokihitaji. Kapasita tupu ikiunganishwa kwenye umeme, kwa dakika ndogo sana, chini ya kufumba jicho, inakuwa kama shoti. Inameza mkondo kwa pupa. Volti za mtaa zinazama, halafu zinaruka juu kupita kiwango chake, zinapanda na kushuka mpaka zitulie. Ndani ya draivu nako kuna kapasita, na volti zinaporuka, hizo nazo zinameza kwa pupa, na njia pekee ya kupitia ni zile dayodi. Kama transfoma ingekuwa mbali, waya mrefu ungepunguza kishindo. Yangu iko hatua 40, na ni kubwa kuliko draivu mara kumi na ushee. Vitabu vingi vya draivu vinashauri ukifika kiwango hicho uweke riakta mbele ya draivu. Kitabu changu kilikuwa ndani ya boksi, kwenye mfuko wa nailoni, hakijafunguliwa. Fundi wa duka alikuwa na nakala yake pia.

Riakta ni nini basi? Ni koili. Kila aliyewahi kubadilisha taa ya tyubu ameishika: ile choki nzito ndani ya fremu, inayolia wii ikichoka, ni riakta ya kuzuia mkondo. Bila choki, tyubu ikishawaka ingevuta mkondo bila mwisho mpaka ipasuke. Na mashine ya kuchomelea ya zamani, ile ya kuzungusha mkono juu kupunguza na kuongeza moto, inafanya kazi hiyohiyo. Fimbo ikigusa chuma, hiyo ni shoti kabisa, lakini fyuzi hairuki kwa sababu koili ndani yake haiuachii mkondo upite pale ulipowekwa.

Mzee aliufananisha mkondo ndani ya koili na mkokoteni uliopakia magunia. Kuusukuma uondoke ni kazi, na ukishaondoka kuusimamisha ni kazi. Mkondo ukitaka kupanda ghafla, koili inaukatalia; ukitaka kushuka ghafla, inaukatalia vilevile. Na haiukatalii kwa kuuchoma, kama ufanyavyo waya mwembamba unaogeuza umeme kuwa joto tupu. Inauweka kwenye usumaku na kuurudisha. Joto lipo, la shaba na la chuma, lakini ni dogo ukilinganisha na kazi inayofanyika.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakuniuzia siku hiyo. Alimtuma kijana wake na mita, akaiacha kwangu siku tatu. Ilisoma volti 372 wakati wa jioni, watu wanapopika na kuwasha feni, na 411 usiku wa manane. Nilikuwa nimesikia kwa fundi mwingine kwamba riakta nzuri ni ya asilimia 5. Mzee akakataa. Akasema asilimia 5 inatuliza zaidi, kweli, lakini inakula volti zaidi, na mimi jioni tayari sina volti za kuchezea. Draivu ingekuwa inazima yenyewe ikilalamika umeme mdogo, kila jioni, kabla ya boti kuondoka. Tukakubaliana asilimia 3, ya ampia 45.

Hiyo asilimia maana yake ni hii. Kati ya fezi na nyutro kuna volti kama 231. Asilimia 3 ya hizo ni volti 6.9. Ampia 45 zikipita kwenye koili, koili ishike volti 6.9, basi. Gawanya 6.9 kwa 45 unapata omu 0.153, na kwa umeme wetu wa mizunguko 50 hiyo ni karibu nusu ya milihenri, kipimo cha ukubwa wa koili. Niliandika hesabu hiyo nyuma ya daftari la mauzo na bado ipo.

Kusuka nilikutazama mwenyewe, asubuhi mbili, kwa kuwa nilitaka kujua hela yangu inakwenda wapi. Chuma ni cha mtumba, mabati membamba ya transfoma iliyokufa, yamekatwa upya na kupangwa nguzo tatu. Mzee hakuficha. Shaba ni mpya, bapa, upana wa kidole gumba, na kati ya mzunguko na mzunguko anaweka karatasi ngumu ya prespani. Kijana anasuka, Mzee anahesabu kwa sauti ya chini kama anavuta tasbihi. Miisho yote wameipaka risasi ya kulehemu kwa sababu ya upepo wa bahari. Tanga ukiacha shaba wazi miezi sita inaota kijani.

Lakini jambo lililonikaa zaidi ni pengo. Nilidhani chuma kizuri ni kilichobanana. Kumbe katika riakta chuma lazima kikatwe, kiachiwe nafasi ndogo katikati ya kila nguzo, na nafasi hiyo ijazwe vipande vya faiba visivyo na usumaku. Chuma kikiwa kizima kinashiba haraka. Mkondo ukipanda kidogo tu usumaku unajaa, na chuma kilichoshiba hakizuii tena kitu. Koili inabaki waya mtupu, na hiyo ni saa ileile uliyokuwa unaihitaji. Pengo linachelewesha shibe.

Walijaribu mbele yangu. Mzee aliunganisha koili mbili za riakta, mkondo unaingia kwa moja na kutokea kwa nyingine, akazitia kwenye mashine yake ya kuchomelea, akazungusha mkono mpaka klampu, mita ya kubana waya, ikasoma ampia 45. Ncha za mita akaziweka mwanzo na mwisho.

"Soma, mwanangu."

"Kumi na tano nukta sita."

"Tunataka ngapi?"

Koili mbili, 6.9 kila moja. "Kumi na nne kasoro."

Akazima. Akalegeza nati nne, akachomeka vipande vya faiba vyembamba kama vocha ya simu, akakaza, akawasha. Pengo likipanuka namba inashuka. Mita ikasoma 14.0. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akazungusha mkono mpaka ampia 90, mara mbili ya kazi yake. Kama chuma kimeanza kushiba, volti hazitafika mara mbili. Mita ikasoma 27.6. Akanitazama tu. Nikamwambia, "Haijashiba, Mzee." Akaitikia kwa kichwa, akaomba chai.

Baada ya hapo wakaichovya kwenye vanishi inayovumilia joto la nyuzi 180, wakaioka kwenye tanuri waliyotengeneza kwa pipa.

Walipofunga kwangu, kijana alipima kabla na baada kwa klampu inayosoma sawasawa hata mkondo ukiwa umepinda. Kabla, draivu ilikuwa inavuta ampia 46. Baada, kompresa ileile, presha ileile, ampia 38. Nilimwambia arudie, akarudia. Sababu ni kwamba draivu haivuti mkondo kwa upole kama mota. Inaudonoa kwa vipande virefu vyembamba, na midono hiyo inazaa mawimbi ya ziada, ya 250 na 350 kwa sekunde, ambayo hayafanyi kazi yoyote zaidi ya kuchemsha waya. Riakta inalaza ile midono, inakuwa mifupi na mipana. Kebo kutoka kwenye mita yangu ilikuwa ukiigusa jioni unatoa mkono. Sasa ni vuguvugu.

Nijibu hapa swali ninaloulizwa kuliko yote: hapana, luku haikushuka kwa kiasi cha kutangaza. Uniti ni za kazi halisi, na kazi ya kugandisha maji haijapungua. Kama mtu anakuuzia riakta kwa kukwambia utaokoa nusu ya umeme, ondoka dukani kwake.

Asubuhi ya pili nilisimama mbele ya draivu tangu saa mbili kasorobo. Saa mbili na dakika nane nikasikia kontakta, yaani swichi za kabati la watu wa mbao, ta, ta, ta. Zamani namba ya volti za ndani kwenye kioo ilikuwa inaruka, na siku mbaya draivu inazima na kuandika volti zimezidi. Siku hiyo namba ilicheza kidogo juu ya 540 ikatulia. Kompresa haikubadilisha hata sauti. Nikaenda kunywa chai ya mbaazi na mandazi kwa mama wa pembeni, na niliila nikiwa nimekaa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Agosti. Hiyo ni miezi 14 iliyopita. Umeme umekatika na kurudi mara nyingi katika muda huo, watu wa mbao wameongeza kabati la pili la kapasita, na dayodi ni zilezile.

Sasa yale ambayo riakta hii haifanyi, kwa sababu Mzee aliyasema kabla sijalipa, na sijawahi kukutana na muuzaji wa namna hiyo. Haizuii radi, radi ina kifaa chake kingine. Haipandishi volti za jioni. Na haichukui nafasi ya breka kwenye shoti. Kwenye karatasi inaonekana inatosha: transfoma ya kVA 315 yenye kizuizi cha ndani cha asilimia 4 inaweza kutoa kama ampia 11,400 shoti ikitokea mlangoni kwake, wakati baada ya riakta ya asilimia 3 hesabu inasema mara 33 ya ampia 45, yaani kama 1,500 hivi. Lakini hesabu hiyo inadhani chuma hakishibi, na kwenye shoti kubwa kitashiba. Kwa hiyo breka yako inunue kama vile riakta haipo. Halafu akaongeza la upande wa pili, ambalo hata mafundi wengi hawalifikirii. Ukiweka riakta kubwa mno, mkondo wa shoti unakuwa mdogo kiasi kwamba breka haistuki mara moja, na shoti inakaa ikiunguza. Breka yangu ya ampia 63 inaruka papo hapo ikifika mara kumi, yaani 630. Aliihakikisha hiyo kabla ya kukata shaba.

Nilimuuliza kama wakubwa nao wanatumia kitu hiki. Akacheka kwa furaha, akaweka kikombe chini, na nusu saa nzima hakuna aliyesuka kitu. Kwenye vituo vikubwa, alisema, ndipo riakta ilipozaliwa kwa ajili ya shoti hasa. Mitambo ikiongezeka kwenye gridi, nguvu ya shoti nayo inaongezeka. Tazama mto wetu wa Pangani peke yake: Hale ilianza 1964 na megawati 21, kisha 1995 ikaja Pangani Falls Mpya na megawati 68. Kila chanzo kinachoungwa kinachangia siku ya shoti, na swichi iliyonunuliwa zamani kwa shoti ndogo inafika mahali haiwezi tena kuukata moto unaotokea. Kubadilisha swichi zote ni gharama kubwa, hivyo wahandisi wengine huweka riakta kwenye njia, au kati ya basiba na basiba, yale mapande makuu ya chuma ya kugawia umeme, ili upande mmoja ukipata shoti upande wa pili usimwage nguvu zake zote huko.

Na hizo kubwa nyingi hazina chuma kabisa. Ni koili tupu, nene kuliko pipa na ndefu kuliko mtu, zimesimama juu ya vikombe vya kauri. Hakuna chuma, hakuna cha kushiba. Kinachozuia katika mkondo mdogo kinazuia vilevile katika mkondo wa shoti. Mwanzoni mwa karne ya 20 koili hizo zilishikiliwa kwa nguzo za zege, kwa sababu siku ya shoti mizunguko inasukumana kwa nguvu za kung'oa boliti. Siku hizi zinafungwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu. Ubaya wake ni usumaku unaomwagika nje, kwa hiyo huwezi kuzungushia uzio wa chuma uliofungamana, maana uzio wenyewe utapata mkondo na kuchemka. Kwenye korona alikofanya kazi kulikuwa na stata ya riakta ya kuwashia mota, yenye matoleo matatu, asilimia 50, 65 na 80 ya volti. Mkuu wao wa zamu aliwafundisha kwamba ukiweka 65, mkondo unashuka mpaka 65 lakini nguvu ya kuzungusha inashuka mpaka 42, kwa sababu nguvu inafuata volti mara yenyewe. Asiyejua hilo anaunguza mota akidhani anaionea huruma. Nikaikumbuka sta-delta yangu ya zamani.

Malalamiko yangu. Waliniahidi siku 10, wakachukua 23. Simu ilipokelewa mara moja kati ya tatu, na giza moja zima nililiendesha bila draivu, kwa sta-delta, nikiomba radhi majirani. Kuchelewa kwenyewe naweza kuvumilia, maana kazi ya mkono ina foleni. Kutopokea simu sivumilii, na nilimwambia Mzee hivyo hivyo, naye aliomba radhi.

Pili, mwezi wa kwanza ilikuwa inanguruma, unaisikia ukiwa getini. Mlio wa riakta unatoka pengoni, vipande vya chuma vinavutana na kuachiana mara 100 kwa sekunde, na kama hakujakazwa vizuri vinatetemeka. Walikuja bila kudai nauli, wakaifungua, wakakaza, wakaichovya vanishi mara ya pili. Sasa unaisikia ukiinama tu. Nadhani mchovyo wa pili ungefanyika tangu mwanzo.

Tatu, ilikuja bila kibao. Maandishi yalikuwa ya kalamu ya wino mzito juu ya bati, na chumba changu kina mvuke wa chumvi. Maandishi hayo yangefutika kabla ya Ramadhani. Nilidai kibao cha alumini kilichogongwa namba, nikapata. Wewe dai kabla ya kulipa: ampia, volti, milihenri, mwaka.

La nne ni la tahadhari zaidi kuliko lawama. Inapata joto. Nilipima juu ya koili baada ya saa nne za kazi, nyuzi 92, na Mzee alikuwa ameniambia nitarajie hivyo. Hakunipa kifuniko. Wiki ya pili nilimkuta kijana wangu wa zamu ya usiku ameanika glavu zake mbichi juu yake zikauke. Zilikuwa zimeanza kunukia. Alikuwa mtoto wa watu, amechoka, ameona kitu cha moto kwenye chumba chenye baridi. Nilitetemeka nilipofikiria maji ya chumvi yakidondokea kwenye shaba ya volti 400. Kesho yake nilitengenezewa kizimba cha wavu chenye nafasi ya hewa pande zote, shilingi 45,000, na nadhani karakana ingekitoa pamoja na riakta, iwe ni lazima.

Bei yote, riakta na kufunga, ilikuwa shilingi 680,000. Nililipa nusu mwanzo na nusu baada ya kupimwa kwangu. Linganisha na dayodi mbili, bodi, mabonge 160 na mteja aliyepotea, au na ile stebilaiza ya milioni nne na laki nane ambayo isingegusa tatizo. Waliniandikia dhamana ya mwaka mmoja kwa mkono, na walipokuja kukaza hawakubishana. Nikiambiwa nitoe nyota natoa nne. Ya tano imebaki kwenye zile simu.

Nimeshaagiza ya pili, ndogo, kwa ajili ya pampu ya kuzungushia maji ya chumvi, ambayo nayo naitilia draivu mwezi ujao. Safari hii wamesema siku 15, nami nimeandika tarehe mbele yao.

Ukienda, beba picha ya kibao cha mota na kibao cha draivu, hesabu hatua mpaka kwenye transfoma, na uliza majirani wanawasha nini na saa ngapi. Fika kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo Mzee huwa ametoka kwenda kwa wateja na utawakuta vijana tu. Ijumaa wanafunga saa sita na kurudi saa nane. Ukikuta mlango umerudishwa gonga ubavuni, kwenye bati, kwa sababu mbele hawasikii kwa kelele za mashine ya kusukia.